Hastenbeck 1757: vita ambayo makamanda wote wawili walijiona wamepigwa

Kuna vita moja ya mwaka 1757 ambayo kila nikiisimulia watu wananiambia natunga. Majeshi mawili makubwa yanapigana toka asubuhi, inafika mchana kamanda wa upande huu anaona mambo yameharibika anaamuru watu warudi nyuma, na kamanda wa upande wa pili naye anaona yake yameharibika anatoa amri hiyohiyo. Wote wawili, siku moja, uwanja mmoja. Alafu mmoja anainua macho, mbona jamaa wanaondoka? Anageuza amri yake haraka haraka, anauchukua uwanja, na mpaka leo ndo anaandikwa mshindi.

Inaitwa vita ya Hastenbeck, kwa jina la kijiji kidogo karibu na mji wa Hameln kaskazini mwa Ujerumani, na ilipiganwa tarehe 26 Julai kati ya Wafaransa na jeshi la Hanover na wenzake lililoongozwa na mtoto wa mfalme wa Uingereza. Hameln ndo ule mji wa hadithi ya mpiga filimbi aliyewatoa panya, walipogoma kumlipa akaondoka na watoto wao, na kwa wengi umaarufu wa mji unaishia hapo. Hata wanaosoma historia ya Vita ya Miaka Saba, ile ya dola za Ulaya ya 1756 mpaka 1763, huipita Hastenbeck mbio mbio ili wafike Rossbach na Leuthen, kule ambako Frederick, mfalme wa Prussia, aliwatandika watu mpaka Ulaya nzima ikashika adabu. Wachache wanaoitaja wanaitaja kama kichekesho, wazee wawili wamekimbiana. Mi naona kichekesho hiki kinatuficha jambo. Hawa wazee walikuwa na akili zao timamu na risasi walishazizoea. Tatizo ni kwamba kila mmoja alikuwa anaogopa nyumbani kwao kuliko alivyomwogopa adui aliyesimama mbele yake, na ukiisoma siku ile kwa jicho hilo kila kitu kinakaa mahali pake.

Tuanze na swali ambalo lazima mtu aulize: mtoto wa mfalme wa Uingereza alifuata nini kwenye mashamba ya Wajerumani? Ni mambo ya urithi. Toka 1714 mfalme wa Uingereza alikuwa pia ndo mtawala wa Hanover, jimbo la kaskazini mwa Ujerumani, kichwa kimoja kofia mbili. George II mwenyewe kazaliwa Hanover, kaenda Uingereza akiwa mtu mzima, na roho yake ilibaki kulekule, kitu ambacho Waingereza walikijua vizuri na kiliwakera, kwamba damu na hela za Uingereza zinaenda kulinda shamba la mfalme. Sasa mwaka 1756 urafiki wa Ulaya ukapinduka juu chini. Januari Uingereza ikafunga mkataba na Prussia, Mei Ufaransa ikafunga na Austria adui yake wa miaka nenda rudi, Agosti Frederick akaivamia Saxony na moto ukawaka. Ufaransa ikapiga hesabu yake: baharini hatumuwezi huyu, ana manowari nyingi mno, ila ana jimbo lake kule bara ambalo manowari hazifiki, tukilikamata hilo tutakuwa na kitu mkononi cha kubadilishana na makoloni atakayotupokonya Marekani na India.

Ndo likaundwa Jeshi la Uangalizi. Jina lenyewe linakwambia kazi, kuangalia. Walikuwa watu wa Hanover, wa Hesse-Kassel, wa Brunswick, na vikosi vidogo vya watawala wadogo kama Saxe-Gotha na Schaumburg-Lippe, jumla kama 36,000 hivi siku ya vita. Regimenti ya Kiingereza hata moja haikuwepo. Prussia ilichangia batalioni chache mwanzoni lakini Frederick akapigwa Kolin tarehe 18 Juni, akaanza kuhangaika na ya kwake, watu wake wakaondoka kabla kazi haijaanza.

Juu yao akawekwa Duke wa Cumberland, mtoto kipenzi wa George II, miaka 36, mnene hasa, na mguu ulishaharibiwa na risasi Dettingen mwaka 1743. Huyu ndo yule wa Culloden 1746, aliyewamaliza Waskoti mpaka akabandikwa jina la Mchinjaji. Ukiitoa Culloden rekodi yake inasikitisha: Fontenoy 1745 kapigwa, Lauffeld 1747 kapigwa, zote na Maurice de Saxe, jemadari wa Wafaransa. Lakini nataka hili likumbukwe maana tutalihitaji mbele: Fontenoy alitembea na askari wake mpaka karibu kabisa na mizinga ya Wafaransa huku watu wanadondoka kushoto na kulia. Uoga wa kufa hakuwa nao.

Upande wa pili kulikuwa na Wafaransa kama 60,000 chini ya Marshali d'Estrées, mjukuu wa Louvois, yule waziri wa vita wa Louis XIV, kwa hiyo mtu wa ukoo mkubwa. Kazaliwa 1695, ana miaka 62, na ni mtu wa polepole. Polepole yake ilikuwa na sababu. Jeshi la zama zile lilikuwa linatembea na mkate wake nyuma, kuna matanuru ya kuokea, kuna maghala ya unga, kuna maelfu ya farasi na mikokoteni, na ukikimbia ukaacha matanuru nyuma baada ya siku chache askari wanaanza kuiba kuku wa wanakijiji na baada ya hapo huna jeshi tena, una kundi la vibaka wenye bunduki. D'Estrées alilielewa hilo, akawa anaenda hatua kwa hatua, anavuka mto Rhine, anavuka Weser katikati ya Julai, kila anapokanyaga anahakikisha mkate umefika.

Kule Versailles, ikulu ya mfalme wa Ufaransa, hawakutaka kusikia habari ya mkate. Walitaka vita ipiganwe, waone ushindi, mji uwashwe mishumaa. Kulikuwa na tajiri anaitwa Pâris-Duverney, mtu wa kusambaza mahitaji ya jeshi na mwenye sikio la Madame de Pompadour, yani mwanamke kipenzi wa mfalme, ambaye ukimpata yeye umempata mfalme, na huyo tajiri hakuwa anaelewana na d'Estrées. Pembeni yupo Duke wa Richelieu, nyota ya wakati huo maana mwaka uliopita aliwanyang'anya Waingereza kisiwa cha Minorca, naye anautaka ukamanda kwa hamu zote. Unaona inakoelekea. Barua ya kumwondoa d'Estrées na kumweka Richelieu ilishaamuliwa kabla mzinga wa kwanza haujalia Hastenbeck. Ni kama kocha ambaye uongozi umeshamfukuza kwenye kikao cha usiku, kesho yake anaingia uwanjani anapanga kikosi, anapiga kelele pembeni ya mstari, hajui kwamba ofisini kwake kuna mtu anapima viti. Ila harufu alishaisikia, hawa wazee wa ikulu huwa wanasikia harufu.

Sasa uwanja. Cumberland alijipanga vizuri tu kwa macho. Kulia kwake ipo Hameln yenye ngome na mto Weser, mbele ya hapo ardhi ya majimaji, huko hakuna wa kupita. Katikati kuna kijiji cha Hastenbeck na mizinga yake. Kushoto kuna kilima kinaitwa Obensburg, kimejaa msitu. Na hapo ndo akafanya kosa ambalo kila mwandishi analishika bango: akaona msitu ule ni mzito, jeshi la kupanga safu haliwezi kupita, akaweka pale wawindaji wachache wenye bunduki za shabaha, basi. Ubavu mzima wa jeshi umefungwa kwa kamba ya katani.

D'Estrées akamtuma Chevert. Nisimame kidogo kwa huyu mtu maana ndo naempenda kuliko wote kwenye stori hii. François de Chevert kazaliwa mwaka uleule wa 1695, ila huku hakuna ukoo wala babu waziri, ni yatima wa Verdun aliyeingia jeshini akiwa kijana mdogo kabisa akapanda ngazi moja moja mpaka ujenerali, kitu ambacho kwenye jeshi la Ufaransa la wakati ule, ambako vyeo vilikuwa vya watoto wa wakubwa, ni sawa na kupanda mnazi uliopakwa mafuta. Inasimuliwa kwamba Prague mwaka 1741 alimwita askari mmoja chini ya ukuta usiku akamwambia, utapanda hapa, mlinzi atakuuliza nani wewe, usijibu, atafyatua atakukosa, wewe utafyatua utamuua. Ikawa hivyohivyo, mji ukaingiwa. Kaburini kwake, kanisa la Saint-Eustache pale Paris, waliandika kwamba cheo kimoja tu cha marshali wa Ufaransa ndicho kilichokosekana, na kukosekana huko hakukupunguza utukufu wake, kumewapunguzia mfano wale watakaotaka kumuiga. Hakupewa umarshali mpaka anakufa 1769, na watu wote wanajua kwa nini.

Chevert akaondoka na brigedi nne usiku, wakazunguka, wakauingia msitu. Kama saa tatu asubuhi risasi zikaanza kulia kilimani.

Hapa inabidi mtu ajue ile vita inafananaje ukiwa ndani yake. Bunduki ni gumegume, unang'ata karatasi ya baruti kwa meno, unga mweusi unakubakia kwenye ulimi na ladha yake ya chumvi na kiberiti, unamimina kidogo kwenye kikombe cha pembeni, unaobaki unaumwaga mdomoni mwa bunduki, unatia risasi, unashindilia kwa fimbo ya chuma, ndo unafyatua. Askari aliyeiva anafanya hivyo mara tatu kwa dakika. Na moshi! Babu yangu mzaa mama alikuwa na gobore la kuwindia kanga, akifyatua tu hapo mbele panageuka ukuta mweupe, unasubiri, hujui umepiga au umekosa, mwenye jibu ni mbwa. Hilo ni gobore moja. Weka maelfu yake ndani ya msitu wa mwezi wa Julai ambao hauna upepo, ongeza mizinga, alafu niambie nani anajua kinachoendelea hatua hamsini mbele yake.

Wawindaji wa Cumberland walipiga kutoka nyuma ya miti, wakauza kilima kwa bei ya juu, lakini brigedi nne ni brigedi nne. Wafaransa wakapanda. Cumberland akaanza kutuma msaada ubavuni kidogo kidogo, watu walewale aliowahitaji katikati, na katikati nako mizinga ya Wafaransa ilikuwa inatwanga, askari wao wa miguu wakasogea, batri kubwa ya Hastenbeck, yani kundi la mizinga lililopangwa pamoja, ikachukuliwa. Ndani ya msitu kukawa na vurugu ambayo ungeitegemea. Watu wa Hanover walivaa makoti mekundu, si wana mfalme mmoja na Waingereza, na Waswisi waliokuwa wanalitumikia jeshi la Ufaransa nao walivaa mekundu. Waswisi wakaja kusaidia, wenzao wakaona nyekundu inatokea kwenye moshi wakawapiga risasi.

Alafu mambo yakageuka, na yakageuzwa na watu wawili ambao hakuna aliyewategemea.

Wa kwanza ni kijana wa miaka 21, Karl Wilhelm Ferdinand, mrithi wa Brunswick, hii ndo vita yake ya kwanza ya maana. Akachukua watu wa kwao akaenda nao na singe moja kwa moja kwenye ile batri iliyotekwa, akairudisha kwa muda. Wa pili ni kanali wa Hanover anaitwa Breitenbach, alikuwa na batalioni tatu pembeni huko nyuma ya ubavu wa kushoto, mbali na makao makuu. Akasikia kilima kinalia. Akaufuata mlio. Akapanda Obensburg kutoka upande ambao Wafaransa hawakuutazamia, akawapiga, wakashuka, akateka mizinga na bendera. Kosa la asubuhi la Cumberland, lile ambalo vitabu vinalishikia bango, mchana lilikuwa limeshazibwa. Kilima kimerudi!

Na hapa ndo pa kulia. Cumberland hakujua. Alikuwa ameshaamuru jeshi liondoke.

D'Estrées kule naye analetewa habari kwamba ubavu wake wa kulia umepigwa, kuna askari wa miguu, kuna wapanda farasi wa adui wanaonekana nyuma ya msitu. Mletaji habari anayetajwa ni mkuu wake wa shughuli za jeshi, Count wa Maillebois. Marshali akasimamisha mashambulizi katikati ambako alikuwa anashinda, akaanza kupanga kurudi nyuma. Ilimchukua muda kuelewa kwamba safu ndefu anazoziona zinasogea kule mbele zinaelekea upande usio wake. Upande wake walianguka au kujeruhiwa zaidi ya 2,000, wa Cumberland kama 1,300. Yani aliyekimbia kapoteza watu wachache kuliko aliyeshinda.

Breitenbach akabaki juu ya kilima chake na mizinga aliyoiteka, giza likaanza kuingia, na jeshi la kumpelekea taarifa halipo. Akashuka usiku na watu wake kulifuata.

Sasa uchambuzi. Maelezo ya kawaida ni kwamba mawasiliano yalikuwa mabovu, habari ilibebwa na mtu juu ya farasi, farasi anachelewa, mtu anapigwa risasi njiani. Kweli kabisa. Ila hayo mawasiliano mabovu yalikuwa ya kila mtu aliyekuwepo siku ile. Chevert alikuwa ndani ya moshi uleule na haoni kitu, akaendelea kupanda. Breitenbach hakuwa na habari yoyote, zaidi ya masikio yake hana kitu, akaenda mbele. Cha kushangaza waliokuwa hawajui kitu walifanya vizuri kuliko waliokuwa wanaletewa taarifa. Moshi ulikuwa mmoja, kilichotofautiana ni kwamba mtu akishindwa kuona mbele anajaza ile nafasi tupu na hofu aliyonayo tayari, na hofu zao wale wawili wa juu walikuwa wametoka nazo nyumbani.

Chukua Cumberland. Maagizo aliyopewa na baba yake, na hapa baba anaongea kama mtawala wa Hanover, yalikuwa ya kujilinda: linda jimbo, usiharibu jeshi, na usikatiwe njia ya kwenda Stade. Stade ni mji karibu na mdomo wa mto Elbe, huko ndiko hazina na nyaraka za Hanover zilipelekwa kufichwa. Kwa hiyo mtu huyu anapigana na Wafaransa lakini moyo wake uko barabarani nyuma yake. Ukimwambia Obensburg imechukuliwa, hasikii "kilima kimechukuliwa", anasikia barabara inaweza kufungwa, na barabara ikifungwa jeshi limekwisha, na jeshi likiisha mzee nyumbani hana tena kitu, maana Hanover haikuwa na jeshi la pili kabatini. Mtu aliyetumwa aangalie mali asiivunje, usishangae akiikimbiza mali. Yule wa Fontenoy angebaki, maana Fontenoy alitumwa kupiga.

D'Estrées ni hivyohivyo ila mlango mwingine. Nyuma yake ana mto Weser na mkate wake, na nyuma ya mto ana Versailles. Akishinda kidogo watasema kachelewa. Akishindwa, hata kwa bahati mbaya, kina Pâris-Duverney watasema si tuliwaambia. Kwa mtu wa namna hiyo kushindwa kukubwa ni kifo cha ukoo, kurudi nyuma kwa utaratibu ni kitu cha kujielezea, kinaandikika kwenye barua. Na Maillebois je? Baadaye wengi waliamini alitia chumvi ile habari makusudi ili ushindi umponyoke d'Estrées. Mimi sina haja ya kuamua nia yake. Inanitosha kwamba kwenye jeshi lile watu waliona inawezekana kabisa afisa mkubwa kuharibu vita ya nchi yake ili bosi wake aanguke, na kesi ikafika kwa mahakama ya mamarshali, Maillebois akaishia kufungwa kwenye ngome ya Doullens. Ukiwa kamanda wa jeshi ambalo hilo linawezekana, utaangalia mbele au utaangalia kisogoni?

Kuna atakayeniambia mbona yule mtoto wa Brunswick naye alikuwa na nyumbani kwao, tena pazuri. Ni kweli, na baba yake alikuwa wa kwanza kwanza kutafuta kuelewana na Wafaransa nchi yake ilipokaliwa. Ila siku ile kijana alikuwa na batalioni na miaka 21, hesabu za nyumbani zilikuwa za mzee. Mfuatilie alipozeeka uone. Tarehe 20 Septemba 1792 huyuhuyu ndo kamanda wa jeshi la Prussia pale Valmy, ana miaka karibu 57, jina lake Ulaya nzima linajulikana, mfalme wa Prussia yuko naye kambini anamtazama, mbele kuna Wafaransa wa mapinduzi juu ya kilima cha kinu cha upepo. Mizinga ikapigwa, watu wake wakasogea kidogo, akawasimamisha, akaamua hapa hatupigani. Yule aliyekimbilia batri na singe Hastenbeck sasa anatazama kilima na kugeuka. Wanahistoria wana sababu nyingi, matope, ugonjwa wa kuhara uliokuwa unawamaliza askari, na zote ni za kweli. Mi naongeza tu kwamba sasa na yeye alikuwa na wa kumwangalia mgongoni.

Turudi 1757 maana bili ilikuwa haijalipwa. Hameln ikajisalimisha baada ya siku mbili. D'Estrées aliyeshinda alikabidhi jeshi kwa Richelieu mwanzoni mwa Agosti, na Versailles habari ya ushindi ilifika wakati mrithi wa mshindi yuko njiani, ikawa aibu ya kimyakimya. Richelieu naye akaachia watu wapore, Hanover ikakamuliwa, askari wake wenyewe wakamwita Baba Uporaji, na akarudi Paris na hela za kujengea kibanda cha starehe bustanini kwake ambacho watu wa mjini wakakiita Banda la Hanover, na ikabaki jina. Unga na mkate wa d'Estrées ukasahaulika. Clermont alipokuja kupokea jeshi lile mwanzoni mwa 1758 inasemekana alimwandikia mfalme kwamba amelikuta katika mafungu matatu, moja juu ya ardhi la wezi, moja chini ya ardhi, la tatu hospitali. Miezi michache Ferdinand wa Brunswick, mjomba, hapana, baba mdogo wa yule kijana, alishawavusha tena mto Rhine kurudi walikotoka.

Cumberland alirudi nyuma mpaka akafika mwisho wa nchi, Stade kweli, bahari mgongoni. Mwezi wa Agosti baba yake akamtumia mamlaka ya kutafuta amani kwa ajili ya Hanover. Septemba, kwa usuluhishi wa Denmark, yeye na Richelieu wakasaini mkataba pale Klosterzeven: watu wa Hesse na Brunswick waende makwao, watu wa Hanover wavuke Elbe, Wafaransa wabaki na walichokamata. Habari ilipofika London kukawaka. Frederick analalamika kaachwa peke yake, mawaziri wanalalamika, na mfalme, ambaye alikuwa ametaka amani ya Hanover kuliko mtu yeyote, akasema hakumpa mtu amri ya mkataba kama ule. Cumberland alipoingia ikulu ya Kensington mfalme akasema mbele za watu, huyu hapa mwanangu, ameniangamiza mimi na kujiaibisha mwenyewe.

Cumberland alikuwa na barua za baba yake. Angezitoa zile barua mfukoni akazisoma kwa sauti, kila mtu angejua nani alitaka nini. Hakuzitoa. Akajiuzulu vyeo vyake vyote Oktoba ileile, akanyamaza, na hakuongoza tena jeshi mpaka alipokufa 1765. Aliyeongea alikuwa William Pitt, waziri ambaye yeye na Cumberland walikuwa hawapikiki chungu kimoja. George aliporudia mbele yake kwamba hakumpa mwanae amri yoyote ya mkataba ule, Pitt akajibu: amri hapana, lakini mamlaka kamili, bwana mkubwa, mamlaka kamili sana.